Dostoevsky au Tolstoy: yupi akufunze namna watu wanavyofikiri?

Ukiuliza usome riwaya gani ili uelewe yanayopita vichwani mwa watu, mara nyingi utaelekezwa kwa Warusi wawili, na anayekuelekeza huwa ameshachagua upande wake siku nyingi. Mmoja ni Fyodor Dostoevsky, aliyezaliwa Moscow mwaka 1821 na kufariki St. Petersburg mwaka 1881. Wa pili ni Leo Tolstoy, aliyezaliwa mwaka 1828 kwenye shamba la ukoo wake, Yasnaya Polyana, na kufariki mwaka 1910. Waliandika zama moja, wakasomwa na watu walewale, na hawakuwahi kusalimiana. Machi 1878 wote wawili walikuwa ukumbi mmoja St. Petersburg wakimsikiliza mwanafalsafa Vladimir Solovyov. Nikolai Strakhov, aliyekuwa akifahamiana na wote, hakuwakutanisha, kwa sababu Tolstoy alikuwa amemwomba asimtambulishe kwa mtu yeyote.

Nitaanza na jibu langu, asije mtu akachoka njiani. Wote wawili wanastahili sifa ya kuwajua watu kwa ndani, ila kila mmoja ana sehemu yake. Dostoevsky anamjua mtu akiwa mbele za watu: anapohojiwa, anapopewa msaada, anapodhalilishwa, anapojikweza. Tolstoy anamjua mtu pale ambapo hakuna anayemtazama: safarini, kitandani usiku, au anapotabasamu huku moyoni anawaza jingine kabisa. Kwa hiyo usiulize nani mkubwa kuliko mwenzake. Uliza ni mawazo ya nani yanayokusumbua, na unakutana nayo wapi.

Majina ya vitabu nayataja kwa Kiswahili kwa urahisi. Madukani na maktaba tafuta matoleo ya Kiingereza au Kifaransa.

Sifa yenyewe

Aliyevishwa sifa hii zaidi ni Dostoevsky. Mapema mwaka 1887 mwanafalsafa Mjerumani Friedrich Nietzsche alikutana na tafsiri yake ya Kifaransa kwenye duka la vitabu mjini Nice, bila kuwa na habari zozote za mwandishi huyo. Mwaka uliofuata aliandika kwamba Dostoevsky ndiye mwanasaikolojia pekee ambaye yeye alikuwa na la kujifunza kwake. Sigmund Freud, mwasisi wa uchambuzi nafsi, naye alimwandikia insha nzima mwaka 1928, akimchambua kupitia *Ndugu Karamazov*, kifafa chake, na uhusiano wake na baba yake. Mimi insha ile naiona inamweleza zaidi Freud kuliko Dostoevsky.

Dostoevsky mwenyewe aliikataa sifa hiyo. Katika daftari zake za mwisho aliandika kwamba watu humwita mwanasaikolojia na kwamba si kweli: yeye ni mwanauhalisia tu, kwa maana ya juu zaidi, anayeonyesha vina vyote vya roho ya binadamu. Wala hakuwa akijinyenyekeza. Ukitaka kujua kwa nini alisema hivyo, soma kesi ya mauaji iliyo mwishoni mwa *Ndugu Karamazov*. Mwendesha mashtaka anaichukua akili ya mshtakiwa, Dmitri, na kuichambua kwa ustadi mkubwa: alihisi hivi, akawaza vile, kwa hiyo akaua. Wakili wa utetezi anasimama na kuwaambia wazee wa baraza kwamba saikolojia ni fimbo yenye ncha mbili. Anachukua mambo yaleyale na kuyapanga hadi yatoe mtu mwingine kabisa. Msomaji anajua kwamba Dmitri hakuua. Anatiwa hatiani. Basi mwandishi anayesifiwa kuliko wote kwa kusoma mioyo ndiye aliyeandika onyo kali kuliko yote dhidi ya kujidai kuisoma.

Kwa Tolstoy sifa ilianza mapema zaidi. Mwaka 1856, Tolstoy akiwa bado kijana, mhakiki Nikolai Chernyshevsky aliona kwamba wengine huonyesha mwanzo wa hisia na mwisho wake, lakini huyu anaonyesha mwendo wenyewe: hisia inavyozaa wazo, wazo linavyogeuka kumbukumbu, kumbukumbu inavyomrudisha mtu alikoanzia akiwa amebadilika. Aliuita mwendo huo dialektiki ya nafsi. Sijaona mhakiki aliyemweleza vizuri zaidi, na wakati huo *Vita na Amani* ilikuwa haijaandikwa.

Kapteni na rubli mia mbili

Nikitakiwa kuonyesha ustadi wa Dostoevsky kwa kisa kimoja, namleta Kapteni Snegiryov wa *Ndugu Karamazov*. Ni mwanajeshi mstaafu, fukara wa kutupwa. Mkewe akili zimemruka, binti yake ni mlemavu, na ana mtoto wa kiume, Ilyusha, mwenye miaka tisa hivi. Dmitri Karamazov, kwa hasira za mlevi, amemkokota kwa ndevu kutoka kilabuni hadi barabarani, na Ilyusha akaona yote huku akilia na kumsihi mtesaji wa baba yake. Katerina Ivanovna, mchumba wa Dmitri, anaona haya kwa niaba yake na kumtuma Alyosha, mdogo wake Dmitri, apeleke rubli mia mbili.

Kapteni anamtoa Alyosha nje wazungumze. Alyosha anamweleza kwa upole na kumkabidhi noti mbili za mia mia. Kapteni anatetemeka kwa furaha. Anaanza kuhesabu: dawa ya mke, matibabu ya binti, nyama, labda hata farasi na mkokoteni ili wahamie mji mwingine ambako hakuna anayejua aibu yao. Alyosha anafurahi naye na kumwambia zikipungua ataongezewa, hata yeye mwenyewe atampa zake. Hapo uso wa kapteni unabadilika. Anazikunja noti ndani ya ngumi, anazitupa chini, anazikanyaga kwa kisigino, kisha anauliza: nikipokea fedha kwa ajili ya aibu yetu, nitamwambia nini mwanangu? Anaondoka mbio huku analia.

Mwandishi wa kawaida angeishia hapo na kutuachia fundisho kwamba maskini naye ana heshima yake. Dostoevsky anaendelea. Kwenye sura inayofuata Alyosha anamsimulia binti aitwaye Lise na kuchambua kilichotokea. Kapteni hakuzikasirikia fedha, alijikasirikia yeye, kwa kuwa alifurahi mno, na akafurahi mbele ya mtu. Angejizuia kidogo, angezipokea. Nami, anasema Alyosha, niliharibu niliposema nitamwongezea zangu, maana kila mtu aliyemsogelea sasa alikuwa na haki ya kumsaidia. Halafu anatoa hesabu ambayo kila nikiisoma naiona ni ya kweli: kama angezichukua leo, kesho angezirudisha akilia kwa aibu. Kwa kuwa leo amezikanyaga na kuthibitisha utu wake, kesho hakuna rahisi kama kumfanya azipokee. Na baadaye anazipokea kweli.

Lise naye anauliza swali ambalo kila anayejiona hodari wa kusoma watu angepaswa kujiuliza. Je, kule kuipekua roho ya maskini yule kana kwamba tuko juu yake hakuna dharau ndani yake? Na kuamua hivi kwamba hakika atachukua fedha? Alyosha anajibu kwamba hakuna, kwa sababu sisi ni kama yeye, wala si bora kuliko yeye.

Yeyote aliyewahi kumpelekea fedha mjomba mwenye fahari zake, au aliyewahi kupokea msaada mbele za watu, ataitambua sura hii bila kuelezwa. Mawazo ya kapteni yamezaliwa pale pale, kutokana na macho ya mwenzake. Mtoe Alyosha, na fikra zile hazipo.

Ndivyo ilivyo hata kwa Raskolnikov wa *Uhalifu na Adhabu* (1866), ambaye watu wengi humdhania kuwa mpweke. Tangu mwanzoni tunamwona akiacha vijisenti vyake dirishani kwa familia ya mlevi Marmeladov, na kabla hajamaliza ngazi anajilaumu, anataka azirudie, anaona haiwezekani. Wema na hasira ndani ya dakika moja. Baada ya kuua, anarudi kwenye nyumba alimoulia, anavuta kengele, anasikiliza mlio, anaivuta tena, na tena, ili aisikie ile hofu kwa mara nyingine. Mpelelezi Porfiry Petrovich hamkimbilii. Anajua kwamba mtu wa aina hii hawezi kuishi bila kuonwa, na kwamba atakuja mwenyewe.

Dolly safarini, na uyoga msituni

Kwa Tolstoy nakuchukulia *Anna Karenina*, na simchukui Anna, namchukua wifi yake, Dolly. Ni mama wa watoto wengi, mume wake si mwaminifu, fedha ni za kubana. Katika sehemu ya sita ya kitabu anapanda gari la farasi kwenda kumtembelea Anna, ambaye amemwacha mume na kuishi na mwanamume mwingine. Nyumbani, anasema Tolstoy, watoto hawakumpa nafasi ya kuwaza. Sasa safari ni ya saa nne, na mawazo yote yaliyozuiliwa yanammiminikia kwa pamoja. Anawaza nguo za watoto, kisha gharama za msimu ujao wa baridi, kisha mimba, kunyonyesha, maziwa yanayouma, mtoto aliyemzika. Anajiuliza yote yale ni kwa ajili ya nini. Anaanza kumwonea wivu Anna. Anajiona bado ana uzuri kidogo, anataka ajitazame kwenye kioo alichobeba, anaona haya kwa ajili ya kochamani na karani walio mbele. Kisha anaanza kujitungia mapenzi yake ya siri, na mwanamume wa kuwaziwa tu.

Hakuna aliyemuuliza lolote, hakuna wa kumjibu. Dolly ni mke mwema, na Tolstoy hamgeuzi kuwa mwovu kwa sababu ya saa nne hizo. Anaturuhusu tu tuone kwamba mama tunayemjua kwa kuhesabu soksi za watoto ana ulimwengu mzima ambao mumewe hajawahi kuufikiria. Akifika kwa Anna na kuyaona maisha yale kwa karibu, wivu unamtoka, na wale watoto waliomchosha anawatamani. Nimewaona akina mama wakisoma kurasa hizi na kufunga kitabu kwanza, wanyamaze, kabla ya kuendelea.

Kisa cha pili ni kifupi zaidi. Sergei Koznyshev, msomi wa makamo, yuko msituni akiokota uyoga na Varenka, binti mtulivu. Ameshaamua kumposa. Amepanga hata maneno. Varenka anajua, moyo unamdunda, anasubiri. Wamekaa kimya muda mrefu, na binti, bila kupenda, anasema jambo kuhusu uyoga. Koznyshev anataka amrudishe kwenye mazungumzo ya maana, lakini mdomo unatoa swali: kuna tofauti gani kati ya uyoga mweupe na ule wa chini ya mti wa mbetula? Varenka anajibu kwamba kofia karibu zinafanana, tofauti iko kwenye shina. Wakishasema hayo wote wawili wanajua kwamba imekwisha, na ndoa ile haitakuwapo kamwe.

Dostoevsky asingeweza kuandika ukurasa ule. Kwake Koznyshev angepiga magoti, au angemtukana binti na kukimbia. Tolstoy anajua kwamba mambo makubwa ya maisha huamuliwa wakati mwingine na ulimi ulioteleza tu, na kwamba baadaye mtu hujitafutia sababu za heshima za kueleza kilichotokea. Koznyshev naye anazitafuta, na anazipata.

*Kifo cha Ivan Ilyich* (1886) nakitaja kwa ajili ya msiba wake. Hakimu amefariki. Wenzake ofisini wanapata habari, na kabla hata ya kusikitika kila mmoja anawaza nani atapanda cheo na nani atahamishiwa wapi, huku moyoni akishukuru kwamba aliyekufa ni yule, si yeye. Rafiki yake anakwenda kutoa pole, anakaa kwenye kiti ambacho springi zake zimeharibika, na wakati mjane analia yeye anapambana na kiti kisilie chini yake. Hapo hapo mjane anataka kujua atapataje fedha zaidi serikalini. Aliyewahi kukaa matangani akawa anawaza basi la kurudi atalijua jambo hili. Tolstoy hamhukumu mtu kwa hilo, angalau si katika kurasa hizo.

Walijifunzia wapi

Dostoevsky alijifunza kwa watu. Mwaka 1849 alikamatwa kwa kuhudhuria mikutano ya kikundi cha wapenda mageuzi, akahukumiwa kifo, akasimamishwa uwanjani tarehe 22 Desemba kwa kalenda yao, na risasi zilipokaribia ndipo ilitangazwa kwamba wamesamehewa kifo. Alipelekwa kifungo cha kazi ngumu Omsk, Siberia, miaka minne, akilala ubavu kwa ubavu na wauaji na wezi. Baadaye aliandika kwamba mateso ambayo hakuyategemea kabisa yalikuwa haya: kutopata dakika hata moja ya kuwa peke yake. Ukijua hilo unaelewa kwa nini watu wake hawafikirii ila wakiwa wamezungukwa.

Tolstoy alijifunza kwa kujichungulia. Alianza kuandika shajara mwaka 1847 na kuendelea, kwa vipindi, hadi siku zake za mwisho. Humo alijikagua bila huruma: uvivu, kamari, tamaa ya wanawake, kujisikia. Watu wake wengi ni yeye aliyegawanywa, na ndiyo maana wanajulikana kwa ndani kiasi kile.

Sasa tazama walivyoposa, maana hapo ustadi wao unaonekana ukijaribiwa nyumbani. Oktoba 1866 Dostoevsky alikuwa na mkataba mbaya na mchapishaji: asipotoa riwaya kufikia tarehe 1 Novemba, mchapishaji angechapa kazi zake miaka tisa bila kumlipa. Alimwajiri binti wa miaka 20, Anna Snitkina, aandike kwa hati mkato, na *Mcheza Kamari* ikamalizika kwa siku 26. Siku chache baadaye, Anna anasimulia katika kumbukumbu zake, alimwambia ana wazo la riwaya mpya lakini saikolojia ya msichana inamshinda. Msanii mmoja aliyezeeka kabla ya wakati, mgonjwa, ana madeni, anampenda binti mdogo. Je, inawezekana binti huyo akampenda? Jiweke mahali pake, alimwambia. Anna akajibu kwamba angempenda, na angempenda maisha yake yote. Msoma-mioyo alilazimika kuuliza kama mtu mwingine yeyote, na kuuliza kwa kujificha nyuma ya hadithi. Ndoa ile ilidumu, Anna akamtoa kwenye madeni.

Tolstoy mwaka 1862 aliandika kwa chaki, juu ya meza ya karata, herufi za mwanzo tu za maneno aliyotaka kumwambia Sofia Behrs, binti wa miaka 18, na Sofia akayasoma. Kisa hicho kimo ndani ya *Anna Karenina*, kati ya Levin na Kitty, na ni kizuri ajabu. Lakini kabla ya arusi alimpa pia asome shajara zake zote, pamoja na habari za wanawake wa zamani, na jeraha lile Sofia alilibeba. Miaka 48 baadaye Tolstoy alitoroka nyumbani usiku na kufia kwenye kituo cha reli cha Astapovo. Mkewe alifika, akazuiwa kumwona hadi mgonjwa alipokuwa hana tena fahamu.

Pale wanapokwama

Dostoevsky aliyeweza kuingia ndani ya muuaji alishindwa kabisa kumwona Myahudi kama mtu. Makala zake za mwaka 1877 katika *Shajara ya Mwandishi* zinauma kuzisoma, na Wapolandi wa riwaya zake ni vikaragosi. Usisome kitabu chake ukidhani huruma yake ilifika kila mahali. Pia watu wake wote wako kwenye joto la juu. Nastasya Filippovna wa *Mjinga* anatupa rubli laki moja motoni mbele ya wageni. Ukisoma mfululizo utaanza kutegemea kila jirani yako alipuke, na jirani wengi hawalipuki.

Kosa la Tolstoy ni kwamba anajua mno. Anakuambia mhusika alihisi nini, kisha alidhani anahisi nini, kisha ukweli ulikuwa upi, na nafasi ya kumbishia hupati. Mhakiki Mikhail Bakhtin alionyesha mwaka 1929 kwamba kwa Dostoevsky kila mhusika ana sauti yake ambayo hata mwandishi haimezi. Kwa Tolstoy mwenye neno la mwisho ni yeye, na uzeeni neno hilo likawa mahubiri.

Wa tatu, kwa Kiswahili

Si haki kumwelekeza msomaji wa Kiswahili Urusi bila kumtajia Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Alikuwa mwanafalsafa kwa kusomea pia: shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Wisconsin mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi.

Kwa jambo tunalozungumzia hapa anza na *Kichwamaji* (1974). Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anasimulia mwenyewe. Dada yake ameharibiwa maisha na Manase, rafiki wa zamani, naye anapanga kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dada yake Manase, na mpango unageuka kuwa ndoa. Unaweza kumweka karibu na Raskolnikov: kijana aliyesoma, akili kali, hoja zinazomla mwenyewe. Tofauti ni kwamba Raskolnikov daima anapata mtu wa kubishana naye hadi usiku wa manane. Kazimoto amekaa na wazazi wake na hana lugha ya kuwaambia anachowaza, kwa kuwa shule imemfundisha kufikiri kwa namna wasiyoijua. Ukimya huo wa mtoto msomi sebuleni kwa baba yake sijauona kwa Warusi hawa wawili, na Kezilahabi aliuona kabla yetu.

*Rosa Mistika* (1971) nayo inamsoma vizuri binti aliyechapwa na baba kwa sababu ya barua ya mvulana, na jinsi woga ule unavyogeuka kuwa kinyume chake akiwa mbali na nyumbani. Humo, hata hivyo, mkono wa mwandishi unaonekana zaidi, unamsukuma Rosa kuelekea hoja. *Nagona* na *Mzingile* ni vitabu vya thamani kubwa, lakini huko anatafuta ukweli wenyewe, si akili ya mtu fulani. Viache kwanza.

Uchague kipi

Kama kazi yako inakukutanisha na watu walioaibishwa, wewe ni mwalimu, ofisa ustawi wa jamii, mzee wa baraza, au ndiye unayetegemewa na ukoo mzima kwa fedha, anza na Dostoevsky. *Ndugu Karamazov* ni ndefu, kurasa kama mia nane, kwa hiyo wengi hupendelea kutangulia na *Uhalifu na Adhabu*, nami nakubaliana nao. Andika majina pembeni, maana Rodion Romanovich, Rodya na Raskolnikov ni mtu mmoja.

Kama unachotaka kuelewa ni ndoa yako, wenzako wa ofisini, au wewe mwenyewe, anza na Tolstoy. *Kifo cha Ivan Ilyich* hakifiki kurasa mia, na kwa anayemuuguza mgonjwa sijui kitabu bora zaidi. Mtazame Gerasim, kijana mtumishi anayemshikia mgonjwa miguu na ndiye pekee asiyemdanganya kwamba atapona. Baada ya hapo ndipo *Anna Karenina*. *Vita na Amani* isubiri.

Kwa kijana aliyeko chuoni, kichwa kinachemka, na anasoma Kiswahili kwa raha zaidi, nampa *Kichwamaji*. Ila niseme wazi: Kazimoto, Rosa na Anna wote wanajiua. Aliye kwenye kipindi kigumu asianzie hapo, na asikisome peke yake.

Kuhusu tafsiri, za zamani za Kiingereza zake Constance Garnett zinapatikana bure mtandaoni na zinasomeka kwa ulaini, ila zinamlainisha Dostoevsky kupita kiasi. Richard Pevear na Larissa Volokhonsky, walioitoa *Ndugu Karamazov* mwaka 1990, wanauacha ukali na marudio yake yabaki. Kwa Tolstoy watafute Louise na Aylmer Maude, waliofahamiana naye.

Na kama huna hela wala muda, una jioni mbili tu, jioni ya kwanza soma sura ya 7 ya kitabu cha nne cha *Ndugu Karamazov* pamoja na sura ya 1 ya kitabu cha tano: ndiyo habari ya kapteni na Lise. Jioni ya pili soma sura ya 5 katika sehemu ya sita ya *Anna Karenina*, wanapookota uyoga, na sura ya 16, Dolly akiwa njiani. Zote pamoja hazifiki kurasa hamsini, na utajua mwenyewe kitabu kipi ukitafute kizima.